Kuku wa Kwenye Boksi

Juzi maikrowevu yangu ya nyumbani, ile yenye grili ndani yake, ilikata roho. Nikashuka mjini kutafuta nyingine. Muuzaji, kijana mchangamfu, akaniburuzia boksi jipya hadi miguuni. Juu ya boksi kuna picha ya kuku mzima aliyebanikwa akaiva akawa mwekundu kama udongo wa Kasulu, mafuta yanamtiririka, pembeni wamemwekea na kipande cha limau.

"Hii mama ni kiboko," akasema. "Muone kuku mwenyewe!"

Wallahi nilihisi damu inanipanda hadi kwenye nyusi. Kijana wa watu hakuwa amenikosea chochote. Lakini mimi na huyo kuku tunafahamiana. Ni miaka mingi sasa, na bado sijamsamehe.

Miaka ile ya wakimbizi nilikuwa msimamizi wa jiko katika yadi moja ya malori kule Bangwe, Kigoma. Malori yalibeba unga, maharage na mablanketi kutoka bandarini, yakapanda Kidahwe, yakaenda Kasulu na kambini, yakarudi matupu yakiwa yamefunikwa vumbi hata usijue rangi yake. Shirika lenye yadi nitaliacha bila jina. Lilishafungasha virago vyake zamani, na mimi sitaki barua ya mwanasheria.

Kazi ile niliipata kwa cheti. Nilisoma masomo ya jioni na umri wangu, nikakaa dawati moja na watoto wa marafiki zangu, nikamaliza kidato cha nne, na siku matokeo yalipotoka nilishangilia mpaka Wakongo ng'ambo ya ziwa wakadhani kuna vita nyingine. Ndiyo maana mwenzangu wa jikoni alikuwa ananiita Mwalimu, kwa kunichokoza.

Mwenzangu huyo alikuwa mama wa Kirundi. Wazazi wake walivuka naye akiwa mgongoni, wakakaa Ilagala, karibu na pale mto Malagarasi unapoingia ziwani. Alikulia pale, akaolewa pale, akafiwa na mume pale. Kiswahili chake kilikuwa na Kirundi ndani yake, na Kiha chake kilikuwa kizuri kuliko changu mimi Muha wa Ujiji. Lakini karatasi ya uraia hakuwa nayo. Mjini ulikuwa ukiomba kazi wanakuuliza kwanza karatasi, halafu ndiyo jina. Pale yadini tu ndipo walipomchukua, kwa sababu bosi, mama mmoja wa kizungu mwenye miguu mirefu na subira fupi, alionja samaki wake akasema huyu abaki. Kwa mshahara ule alikuwa analisha watoto wake na wa marehemu dada yake. Akitoka pale, hakuwa na pa kwenda.

Sasa ujue jiko lenyewe lilivyokuwa. Katikati ya yadi palikuwa na matangi ya dizeli ya yale malori. Mtu wa usalama akapiga marufuku kila kitu chenye joto. Mkaa marufuku. Gesi marufuku. Kiberiti marufuku. Mafuta ya kukaangia yakichemka tu, anatokea na filimbi. Nadhani hata ukikasirika sana karibu na yale matangi alikuwa anakuandikia onyo, na kwa hiyo mimi nilikuwa hatarini kila siku. Tulipewa majiko ya umeme ya kuchemshia ugali na maharage, na tukapewa mashine moja: maikrowevu iliyounganishwa na grili. Ukibonyeza upande huu inapasha, ukibonyeza upande ule koili iliyo kwenye dari lake inawaka nyekundu na kubanika chochote utakachoweka chini yake.

Kwa mashine hiyo mwenzangu huyo, dada wa Ilagala kama nilivyomwita, alifanya miujiza. Alikuwa anampasua mgebuka, yule samaki mrefu wa ziwa letu, kwa mgongoni, anampaka chumvi na pilipili na ndimu, anamwanika kidogo kwenye upepo wa ziwa, kisha anampeleka chini ya koili. Madereva walikuwa wanatoka Kasulu wanapiga honi tangu Kidahwe. Nitakuwa mwongo nikisema harufu ile ilifika Kigoma yote, lakini Bangwe yote iliipata.

Siku moja umeme ukakatika, kama kawaida ya umeme wetu wa miaka ile, na uliporudi ulirudi kwa kishindo. Mashine ikalia "paa!", ikatoa moshi, ikanyamaza. Samaki alikuwa ndani.

Afisa manunuzi akaja kuitazama. Alikuwa kijana aliyeletwa kutoka Dar, tai shingoni kwenye joto lile, na kila sentensi yake ilianza na "kule kwetu mjini". Hakuifungua. Hakuigusa. Alimtazama dada wa Ilagala kutoka kitambaa cha kichwani hadi kandambili, akasema, "Ndiyo matokeo ya kumpa mkimbizi kitu cha umeme."

"Umeme ulirudi na nguvu," nikamwambia. "Hata redio ya mlinzi imekufa."

"Na redio nayo aliigusa huyu?"

Dada akamwita Mungu wake kwa Kirundi, "Yoo, Mana yanje!" tu, akageuka kuosha masufuria. Mimi ndiye niliyebaki namkodolea macho yule afisa. Nilitaka kumvalisha sufuria la maharage kichwani, lakini nikakumbuka cheti changu.

Mchana ule ule akaenda kwa bosi na wazo lake. Mashine isinunuliwe. Jiko lifungwe. Kuna hoteli mjini inaweza kuleta chakula kwenye maboksi, kila dereva boksi lake, safi, kisasa. Kwamba mwenye hoteli alikuwa rafiki yake wa kunywa naye bia, hilo alilisahau njiani.

Bosi akatuita. Akasema kwa Kiswahili chake cha kuruka ruka: nunueni mashine nyingine. Ikibanika, jiko linabaki na watu wake wote. Ikishindikana, Jumatatu maboksi yanaanza, na jiko litabaki na mtu mmoja tu wa kuchemsha chai. Mtu huyo, sote tulielewa, ni yule mwenye cheti.

Tulipotoka nje dada akaniuliza polepole, "Mwalimu, chai wewe unaijua kuchemsha?"

"Niache bwana!"

"Nauliza tu. Chai yako siku zote ina moshi, na hapa hakuna hata moto."

Alicheka. Mimi sikucheka, na mimi ndiye ninayecheka hata msibani.

Kesho yake tukaenda wote watatu kwenye mtaa wa maduka unaopanda kutoka stesheni. Afisa mbele na tai yake, sisi nyuma na kikapu. Ndani ya kikapu, kwenye jani la mgomba, tulikuwa na mgebuka mmoja mbichi, mrefu, aliyetoka mwaloni kwa wavuvi asubuhi ile.

Lazima nieleze kwa nini, kwa wale ambao si wa huku. Kwetu samaki wa kubanika anakwenda mezani mzima. Kichwa ndicho cheti chake cha kuzaliwa. Mlaji anatazama jicho, anafunua shavu, akiridhika ndiyo ananawa mikono. Ukimkata kichwa watu wanakuuliza umeficha nini. Ukimkata vipande wanajua ni wa juzi. Na mgebuka ana urefu usio na adabu. Kwa hiyo huwezi kuchagua mashine kwa macho. Unachagua kwa samaki.

Mwenye duka alikuwa mzee mmoja wa koti la suti na makubazi. Alipoona jani la mgomba linafunuliwa juu ya kaunta yake ya kioo aliruka.

"Hee! Mama! Hili ni duka la umeme au mwalo wa Kibirizi?"

"Shikamoo mzee. Tunapima tu."

"Marahaba. Pimeni kwa rula!"

"Rula hailiwi, mzee," dada akamjibu.

Wateja wakaanza kujaa mlangoni. Afisa akasogea mpaka kwenye feni za mezani, akajifanya hatujui.

Maikrowevu zilizokuwepo dukani zilikuwa mbili. Ya kwanza ilikuwa kubwa, nyeupe, inang'aa kama meno ya bandia, vitufe vingi kuliko redio ya meli. Mgebuka akaingia mzima na nafasi ikabaki. Afisa akarudi mbio. "Hii! Hii hii! Mambo yameisha."

Nikainama nikaingiza kichwa. Dari lilikuwa tupu kabisa, bati laini. "Mzee, koili iko wapi?"

"Hiyo inapasha tu," mwenye duka akasema. "Haibaniki. Inayobanika ni ile."

Ile ilikuwa chini ya meza, rangi imechubuka pembeni, ndogo, lakini ukiangalia juu ndani yake unaiona koili imejiviringisha kama nyoka amelala. Tukamwingiza mgebuka. Kichwa kikaingia, mkia ukabaki nje unatuaga. Tukamlaza mshazari. Sahani ya kioo ikizunguka, pua inagonga ukuta, sahani inakwama. Umati mlangoni ukaanza kutoa ushauri. Mmoja akasema tutoboe tundu nyuma mkia utokee. Mwingine akasema tununue mbili tuzigonganishe.

Afisa akapiga makofi. "Si mkate kichwa tu! Kwani kichwa kinaliwa?"

Nakuambia umati mzima uliguna. Hata mzee wa koti alimtazama kwa huruma.

Dada wa Ilagala akamtoa mgebuka, akamshika mkia, akamkunja taratibu kama unavyokunja mkanda, akamchomeka mkia mdomoni. Mgebuka akawa duara. Kule kwao mtoni kambale wa kukaushwa wanakunjwa hivyo hivyo ili wapangike kwenye kapu. Mimi mwenyewe nimekula kambale wa kukunjwa tangu nina meno ya utoto, na wazo hilo halikunijia. Akamweka juu ya sahani. Mzee akabonyeza. Sahani ikazunguka, na mgebuka akazunguka nayo anajing'ata mkia, hagusi ukuta popote. Koili juu ikaanza kuwa nyekundu.

"Zima, zima!" mzee akapiga kelele. "Mtaninukishia redio zote!" Lakini alikuwa anacheka, na mlangoni watu walikuwa wanashangilia kama timu yao imefunga bao.

Nikamwambia afisa mbele ya wote, "Ni hii. Hii iliyochubuka."

"Sawa, sawa," akasema. "Kesho nitakuja na karatasi za ofisi nitaichukua."

Kesho yake gari likaingia yadini na boksi jipya kabisa. Juu ya boksi, kuku. Mwekundu, mafuta yanamtiririka, limau pembeni. Afisa akalishusha mwenyewe, akalipigapiga kama ng'ombe wa mahari.

"Mashine hiyo. Msiseme sijawajali. Nimeongeza na ubora."

Nikafungua. Nyeupe. Inang'aa. Vitufe kama redio ya meli.

"Siyo tuliyochagua."

"Hii ni bora zaidi."

"Haibaniki hii!"

"Haibaniki vipi wakati kuku huyo hapo umemwona kwa macho yako? Kiwanda kizima cha watu wasomi kidanganye, mseme kweli nyinyi?"

Niliingiza kichwa ndani. Bati laini. Niliingiza na mkono, nikapapasa kona zote, labda koili imefichwa, labda inatoka ukiita jina lake. Hakuna. Dada naye akaingiza kichwa, akapapasa dari lote, akatoka.

Saa ya chakula ilikuwa imefika, malori yalikuwa yanaingia. Tukamweka mgebuka, maana tungefanyaje? Mashine ikaimba, ikazunguka, ikalia "tiii". Tulipofungua alitoka samaki mweupe, amevimba, amelegea, ana jasho. Alifanana na mgonjwa anayetolewa chumba cha upasuaji. Dereva mmoja mnene, mkubwa wa madereva wote kwa umbo na kwa sauti, akamfunua shavu, akamwachia.

"Dada, huyu samaki mmempika au mmemwogesha?"

"Mpeni blanketi la kambini!" akadakia mwingine.

Afisa alikuwa amesimama mlangoni, mikono mfukoni. Hakukasirika hata kidogo, na hilo ndilo lililonifumbua macho. Mtu aliyekosea kununua angeona aibu. Huyu alikuwa ametulia kama mtu anayeangalia ugali wake unaiva.

"Basi tena," akasema. "Tumejaribu, imeshindikana. Jumatatu ni maboksi. Mama, wewe utabaki na chai. Na wewe," akamgeukia dada, "utapata usafiri wa malori mpaka kwenu."

"Kwetu ni Ilagala," dada akasema. "Malori hayaendi Ilagala."

"Kwenu kambini."

"Sijawahi kukaa kambini, mwanangu. Nilifika kabla hujazaliwa."

Akafungua aproni yake. Akaikunja mara moja, akaikunja tena, akaiweka juu ya meza na kuinyoosha kwa kiganja, kama mtu anayeaga kitanda cha mgonjwa. Hapo ndipo hasira iliponitoka. Siyo iliyonipanda, hiyo ilikuwa imeshapanda siku nyingi. Ilinitoka. Niliisikia inatoka na sauti.

"Vaa aproni yako!" nilimpigia kelele yeye, masikini, asiye na kosa. "Vaa! Nani amekuambia uvue? Nani?"

Nikabeba sahani yenye mgebuka mweupe mkono mmoja. Nikamwambia dereva mnene abebe mashine, mwingine abebe boksi. Tukavuka yadi katikati ya matangi ya dizeli, mtu wa usalama akatuona, akaitia filimbi mdomoni, akaniangalia usoni, akaitoa.

Bosi alikuwa anakula ndizi mezani kwake. Nikaiweka sahani juu ya makaratasi yake. Kiingereza cha masomo ya jioni kilikuwa kimenikimbia chote, kimebaki Kiswahili tu, na Kiswahili chenyewe cha Ujiji.

"Mama, onja."

Akaonja. Uso wake ukafanya kazi ngumu.

"Sasa ingiza kichwa humu unionyeshe moto uko wapi."

Afisa alikuwa amefika anahema. "Madam, ni suala la matumizi, hawa hawajui kubonyeza..."

"Nimemwambia yeye," nikasema. "Wewe nyamaza. Umesema vya kutosha tangu siku ya redio."

Bosi akavua miwani. Akainama na urefu wake wote akaingiza kichwa ndani ya maikrowevu, na sauti ikatoka mle kama ya mtu aliye kisimani: "Hakuna." Akatoka, akalitazama boksi, akamtazama kuku, akamtazama samaki. "Huyu kuku," akasema, "alipikwa wapi?"

Akatutuma wote dukani saa ile ile, mashine irudi. Na akasema afisa aibebe mwenyewe. Hilo nitamheshimu nalo mpaka kaburini. Kijana aliibeba begani kutoka kwenye gari mpaka kaunta, tai imemzunguka hadi mgongoni.

Mzee wa koti la suti alipotuona akatikisa kichwa. "Si nilikuambia, bwana mdogo? Nilikuambia hiyo haibaniki. Ukasema, 'Ndiyo ninayoitaka, nifungie.'"

Basi. Mbele yetu wote. Hakuna hata aliyeshangaa. Tulichukua ile iliyochubuka na kurudi nayo, na kabla jua halijazama mgebuka alikuwa anazunguka anajing'ata mkia, ngozi inapasuka, dereva mnene amesimama mlangoni na sahani yake kama mtoto wa shule. Siku ile nililia kidogo, nikasingizia pilipili. Dada wa Ilagala akaniambia, "Mwalimu, pilipili bado haijawekwa."

Alibaki. Alifanya kazi pale mpaka makambi yalipoanza kufungwa na yadi ikavunjwa. Watoto wake walimaliza shule kwa ule mkia uliokunjwa.

Ungedhani hasira yangu iliishia hapo. Haikuishia, kwa sababu yule afisa hakuguswa. Miezi ikapita, akapandishwa cheo akahamishiwa Dar, na tukaagizwa tumpikie sherehe ya kumuaga! Mimi niligoma. Nilisema nitaumwa, na nikachagua ugonjwa mrefu. Dada ndiye aliyempikia. Alimbanikia mgebuka wa duara, mzuri kuliko wote, na kijana akala kichwa chote, akanyonya na macho, akauliza kama kuna mwingine. Nilipomlaumu dada akaniambia, "Nimetaka aonje alichotaka kukitupa." Yeye alipata nafuu kwa kumlisha. Mimi mpaka leo sijapata. Nikikumbuka kwamba maisha ya mtu mzima, na watoto wake, na watoto wa dada yake, yalining'inia kwenye kipande cha koili, na kijana mwenye tai alijua, nakuwa sifai kukaa karibu na dizeli.

Ndiyo maana juzi, pale dukani, sikumsikiliza muuzaji wala kuku wake. Nilimwambia afungue boksi. Nikainama, miaka yangu na magoti yangu haya, nikaingiza kichwa ndani, nikatazama dari. Kijana akaguna nyuma yangu, "Mama, umepoteza kitu?"

Nikiwa bado mle ndani nikatoa simu nikampigia dada. Yuko Ilagala, ana karatasi zake za uraia sasa, na mtandao wa kule unatoka na kuingia kama mbuzi.

"Niko dukani," nikamwambia.

Hakunisalimia, hakuniuliza habari za nyumbani. "Umetazama juu?"

"Natazama."

"Ipo?"

"Ipo."

"Hebu papasa kwa mkono," akasema. "Usiamini macho."